Kura Isiyohesabiwa: Mafunzo Saba Niliyopata Kwenye Bodi ya Vyuo California

Jioni ya kikao changu cha kwanza, katibu wa bodi alianza kuita majina ya wapiga kura, na jina la kwanza lilikuwa langu. Nikakaa sawa, nikavuta kipaza sauti, nikasema "Ndiyo" kwa sauti ya mtu aliyekula kiapo nusu saa iliyopita. Akaandika. Kisha akawaita wajumbe wengine mmoja mmoja, na alipomaliza akasoma matokeo: kura tano za ndiyo, hakuna ya hapana. Nikahesabu vidole chini ya meza. Tuliosema ndiyo tulikuwa sita.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuwa mjumbe mwanafunzi katika wilaya ya vyuo vya jamii huko California. Sheria ya jimbo inataka kila bodi iwe na mwanafunzi mezani. Anapewa makabrasha, anauliza maswali, na kwetu alipiga kura ya ushauri. Kura hiyo iliandikwa kwenye muhtasari, ila haikuhesabiwa.

Nilipompigia mama simu Tanga kumweleza, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo mwanangu umechaguliwa ukae kwenye sinia uwatazame wenzio wanavyokula?"

Nilikaa kwenye sinia hilo mwaka mzima, kuanzia Juni 2017 hadi Mei 2018. Nilikuwa nimeingia Marekani 2013 kwa bahati nasibu ya viza. Usiku nilibeba boksi kama Waswahili wenzangu, langu likiwa kulea wazee, na jioni nilikuwa darasani. Jina la wilaya nitaliacha, kwa sababu watu wake walinitendea vizuri hata pale mambo yao yalipokwenda vibaya. Mafunzo yenyewe ni haya.

1. Jua ufunguo uko mfukoni mwa nani

Kabla ya bodi nilikuwa mlalamikaji hodari. Maktaba ya chuo chetu ilifungwa saa 2 usiku. Darasa langu la kemia liliisha saa 3 na robo, na kazini nilianza saa 5. Katikati hapo nilisomea kwenye duka la kufulia nguo lililokuwa mkabala na kituo cha basi, kwa sababu lilikuwa na taa, joto na viti vya plastiki. Hadi leo nikisikia mashine ya kukausha nguo nakumbuka jedwali la elementi.

Nilimlalamikia mwalimu wa kemia. Maskini hakuwa hata na ofisi. Kama walimu wengi wa vyuo hivi alikuwa wa muda, akitoka chuo kimoja kukimbilia kingine. Nikamlalamikia mkutubi. Nikamwandikia mkuu wa chuo. Wote walinisikiliza vizuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ufunguo.

Vyuo vya jamii vya Marekani ni vyuo vya umma vya miaka miwili. Cha kwanza kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901. Mtu husomea cheti cha kazi, au hukusanya yuniti 60 kisha akahamia chuo kikuu kumalizia shahada. California leo ina vyuo 116 katika wilaya 73. Wilaya hii usiifikirie kama ile ya Tanzania, yenye mkuu wa wilaya na mkurugenzi wake. Ni eneo ambalo sehemu ya kodi ya majengo ya wakazi wake huenda vyuoni, na wakazi hao ndio huchagua bodi, mara nyingi watu watano au saba, kwa miaka minne. Katika wilaya zenye vyuo kadhaa bodi humwajiri chansela, chansela huwasimamia wakuu wa vyuo, na bodi ndiyo hupitisha bajeti, sera na mikataba. Mambo ya mitaala nayo yana mlango wake: tangu sheria ya 1988, bodi haiwezi kuyaamua bila kulishirikisha baraza la walimu.

Mama aliuliza kama ni kitu kimoja na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975. Nikamwambia nia inafanana, ila kule kwetu mkubwa ni wizara na huku mkubwa ni mpiga kura. "Basi huyo mpiga kura anajua kwamba ni mkubwa?" akauliza. Wengi hawajui. Majina ya wajumbe wa vyuo huwa mbali chini kwenye karatasi ya kura, chini ya rais, wabunge na majaji, na watu huchoka kabla hawajafika huko.

Saa za maktaba zilitegemea idadi ya wakutubi, idadi ilitegemea bajeti, na bajeti ilipitishwa na watu watano ambao sikuwahi kuwaona. Mwaka mzima nilikuwa nikigonga milango ya watu wasio na ufunguo.

2. Kinachopita kimya ndicho kitakachokuuma

California ina sheria ya vikao vya wazi, maarufu kwa jina la Brown, ya mwaka 1953. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima itundikwe hadharani saa 72 kabla, na bodi isishughulikie jambo lisilokuwemo. Wajumbe walio wengi hawaruhusiwi kujadili shughuli za bodi pembeni, hata kwa ujumbe wa simu. Ni sheria nzuri. Tatizo ni kwamba makabrasha yanayotundikwa huwa na kurasa mamia, na mimi nilikuwa nayafungua kwenye basi siku ya kikao yenyewe.

Ndani yake kuna sehemu inayoitwa orodha ya ridhaa. Humo huwekwa mambo yanayodhaniwa hayana ubishi: ajira, manunuzi, mikataba inayohuishwa. Yote hupitishwa kwa kura moja, bila mjadala. Katika kikao cha Agosti orodha ilikuwa ndefu. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayetaka kuchomoa kipengele kijadiliwe peke yake. Kimya. Katibu akaita jina langu, nikasema "Ndiyo."

Wiki mbili baadaye, kwenye kituo kilekile cha basi, kijana wa darasa la uuguzi akanionyesha kadi yake. Mashine ilikuwa imeikataa. "Dada, wewe si uko kwenye bodi? Hili limetokeaje?"

Nikafungua makabrasha kwenye simu. Lilikuwemo: marekebisho ya mkataba na kampuni ya mabasi. Zamani kila mwanafunzi alipanda basi kwa kadi ya chuo. Mkataba mpya ulitoa nafasi hiyo kwa wenye yuniti 12 na zaidi tu, yaani wanaosoma muda wote. Wanafunzi wa jioni, wenye yuniti 6 au 9 kwa sababu mchana wako kazini, walikuwa wameondolewa kwa sentensi moja. Na mimi, mwanafunzi wa jioni niliyegombea kwa jina la wanafunzi wa jioni, nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimlipia nauli, tukakaa kimya mpaka kwao. Tangu siku hiyo makabrasha nilianza kuyasoma Jumapili baada ya kazi, na mikataba ndiyo niliyoianza.

3. Pesa zina majina

Kwenye wilaya hizi bajeti ya mwisho hupitishwa kufikia katikati ya Septemba. Nilikwenda na hoja yangu ya maktaba nikiwa na hasira ya kutosha, maana kando ya maktaba yenyewe kulikuwa kunajengwa jengo la vioo la mamilioni ya dola. Inawezekanaje ukawa na pesa ya vioo na usiwe na pesa ya mkutubi wa saa mbili za ziada?

Mkuu wa fedha wa wilaya, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, akaniita ofisini kwake na kunichorea ndoo tatu.

Ndoo ya kwanza ni ya matumizi ya kawaida. Humo kuna sharti la tangu 1961: angalau nusu ya gharama za kawaida za elimu lazima iwe mishahara ya walimu wa darasani na wasaidizi wao. Sharti liliwekwa kuzuia ofisi zisimeze pesa za ufundishaji, na nia yake ni njema. Lakini mkutubi na mshauri wa masomo hawahesabiwi kuwa wa darasani. Ukiajiri mshauri mmoja zaidi, amekaa upande uleule wa mizani na wahasibu na wakurugenzi.

Ndoo ya pili ni ya hati fungani. Tangu 2000 wapiga kura wanaweza kuidhinisha mkopo wa majengo kwa asilimia 55 badala ya theluthi mbili, kwa masharti kwamba kuwe na kamati ya wananchi ya kukagua matumizi na kwamba pesa hiyo isilipe mshahara wa mwalimu wala wa kiongozi. Ndiyo maana vioo vilikuwa vinapanda. Pesa ile isingeweza kugeuka mkutubi hata bodi nzima ingepiga magoti.

Ndoo ya tatu ni ya mafungu yenye kazi maalumu. Kubwa kwa mwanafunzi maskini ni EOPS, mpango wa jimbo ulioanzishwa 1969, unaotoa vocha za vitabu na mshauri anayekuona angalau mara tatu kwa muhula. Wanaoingia husema ndio uliowavusha. Mimi niliukosa kwa sababu nilikuwa na yuniti 9 na wenyewe kwa kawaida unataka 12.

Nilitoka ofisini kwa mzee yule hasira imegeuka maarifa. Niliacha kuuliza "kwa nini hamtujali?" nikaanza kuuliza "hili linatoka ndoo ipi?" Mkutubi hatukumpata. Ila tuligundua kwamba jengo jingine la jirani lilikuwa na mlinzi aliyelipwa kukaa mpaka saa 5 usiku hata hivyo. Mwezi wa Novemba ukumbi mmoja wa jengo hilo ukafunguliwa kwa wasomaji. Viti vyake vilikuwa vya plastiki kama vya duka la kufulia nguo, lakini hakukuwa na mashine.

Hata pesa ya ndoo ya kwanza inapogawiwa na jimbo, ina kanuni yake. Kwa miaka mingi ilifuata hasa idadi ya wanafunzi. Baada tu ya mimi kuondoka, katikati ya 2018, jimbo likapitisha kanuni mpya iliyoanza kwa asilimia 70 kufuata idadi, 20 kufuata wanafunzi wa kipato cha chini, na 10 kufuata wanaofaulu na kumaliza. Kwa maneno mengine, mwanafunzi maskini aliyekuwa akionekana gharama sasa analeta pesa. Viongozi wanaosoma kanuni walianza kumtafuta.

4. Ada ikifutwa, gharama bado ipo

Hadi 1984 vyuo vya jamii vya California havikutoza ada. Tangu 2012 ada ni dola 46 kwa yuniti, kwa hiyo yuniti 60 ni dola 2,760. Ukilinganisha na vyuo vikuu ni pesa ndogo mno, na mwenye kipato cha chini husamehewa hata hiyo. Mimi sikulipa ada kwa muhula wowote. Jamaa zangu Tanga waliposikia, waliniona nimeokota.

Lakini kitabu changu kimoja cha kemia kilizidi dola 200. Kodi ya chumba ilimeza zaidi ya nusu ya mshahara. Ruzuku ya serikali kuu, Pell, ambayo sisi Watanzania tuliita bumu, ilikuwa na kiwango cha juu cha dola 5,920 kwa mwaka wa masomo 2017–18, na hicho ni cha anayesoma muda wote. Ukipunguza yuniti ili ufanye kazi, bumu nalo linapungua. Ukiongeza yuniti ili upate bumu, unapoteza saa za kazi. Wengi tuliishi kwenye mlango huo, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Chuo chetu kilikuwa na stoo ya chakula: mchele, maharage ya kopo, maziwa, wakati mwingine mboga. Kwenye taarifa ya robo mwaka tuliambiwa matumizi ni madogo, na mjumbe mmoja akauliza kama kweli njaa ipo. Nikaenda kuitazama. Ilikuwa mkabala na mgahawa, ukuta wake wa kioo, na ilifunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mwenye kuihitaji sana huwa kazini saa hizo. Na aliyepo, nani atasimama kwenye kioo akichagua maharage ya msaada huku wanadarasa wenzake wanakula mbele yake? Mwenye njaa naye ana aibu zake.

Tulipendekeza mambo mawili yasiyo na gharama: saa mbili za asubuhi zihamishiwe jioni, na chakula kitolewe kwenye mifuko ileile ya duka la vitabu. Muhula uliofuata rafu zilikuwa zikibaki tupu kabla ya Alhamisi. Mwaka 2021 jimbo lilipitisha sheria inayotaka kila chuo cha jamii kiwe na kituo cha mahitaji ya msingi na mtu wa kukiratibu. Sheria inaweza kulazimisha kituo kiwepo. Saa za kufungua na mahali pa kukiweka bado ni uamuzi wa watu walio pale pale chuoni.

5. Karatasi huangusha wengi kuliko hesabu

Mchana wa Jumanne na Alhamisi nilifanya kazi kwenye dirisha la msaada wa fedha. Siku moja alikuja mama wa Kikongo, mtu mzima, amejifunga kitenge juu ya koti la baridi. Aliposikia lafudhi yangu alishika kaunta kwa mikono miwili. "Weye unasema Kiswahili? Asante Mungu. Banataka karatasi gani tena, dada?"

Fomu yake ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa serikali kuu, ilikuwa imechaguliwa kwa uhakiki. Fomu ya mwaka ule iliangalia kipato cha 2015, na kwa kuwa alijaza kwamba hakuwasilisha hesabu za kodi, alitakiwa alete uthibitisho wa mamlaka ya kodi ya Marekani kwamba kweli hakuwasilisha. Nikamwuliza 2015 alikuwa wapi. Akafungua mfuko wa plastiki, akapanga nyaraka zake kwenye kaunta kama mtu anayepanga karata, na ya mwisho ilikuwa kadi ya mgao ya kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mwaka 2015 mama huyu alikuwa akipanga foleni ya unga. Sasa alitakiwa athibitishe kwamba wakati huo hakuwa mlipa kodi wa Marekani.

Barua ilichelewa, na ilipokuja ilikuwa na kosa la jina. Mwishowe ofisa mmoja mwenye subira alikubali maelezo ya mama mwenyewe, yaliyoandikwa na kutiwa saini. Bumu lilipoingia, muhula ulikuwa umefika katikati. Wiki zote hizo alisoma kwa kurasa alizopiga picha kwenye kitabu cha jirani. Na alifaulu, ila nilijua wengine kadhaa ambao barua yao ilipofika, wao walikuwa wameshaondoka.

Mimi mwenyewe karatasi zilinila mwaka. Ili ulipe ada ya mkazi lazima uwe umeishi California kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya muhula. Washauri husema "mwaka mmoja na siku moja". Asiye mkazi hulipa zaidi ya mara nne. Sheria si mbaya, lakini hakuna aliyeniambia nianze mapema kutunza ushahidi: leseni, bili ya umeme, hesabu za kodi. Nikafika dirishani na mkataba wa chumba ulioandikwa jina la shemeji.

Bodi haitungi fomu za Washington. Lakini bodi ndiyo huamua dirisha liwe na watu wangapi, lifunguliwe saa ngapi, na wazungumze lugha zipi. Nililieleza hilo kikaoni kwa kadi ile ya mgao, bila kumtaja mwenyewe. Dirisha likaongezewa jioni moja kwa wiki.

6. Dakika tatu zinatosha kwa mwenye jambo moja

Mwananchi yeyote anaweza kusimama mbele ya bodi na kusema. Kwetu alipewa dakika tatu. Nilipokuwa upande wa wasikilizaji niliwahi kusema dakika zote tatu kuhusu maktaba, walimu, maegesho na bei ya chai. Wajumbe walinitazama kimya, mwenyekiti akasema asante, mwingine akaitwa. Nilirudi nyumbani nikiamini nimedharauliwa.

Nilipokaa mezani nikajifunza kwamba kimya kile ni cha sheria. Bodi hairuhusiwi kujadili jambo lisilo kwenye ajenda; kinachowezekana ni jibu fupi, au kuagiza lije kikao kingine. Kwa hiyo mzungumzaji mwenye akili haendi kutafuta majibu usiku ule. Anakwenda kuomba kitu kimoja: kwamba jambo liwekwe kwenye ajenda.

Ndivyo tulivyofanya kwa mabasi. Kikao cha Oktoba kijana wa uuguzi aliomba kipengele cha mkataba kirudishwe mezani, akatumia dakika moja, akakaa. Kabla ya kikao cha Novemba wanafunzi wanne walisimama kituoni jioni nne mfululizo na daftari, wakamwuliza kila aliyeshuka ana yuniti ngapi. Karatasi yenyewe, ikiwa na doa la chai, ndiyo iliyowekwa mbele ya bodi. Kisha akasimama baba mmoja anayepanga mizigo ghalani usiku. Akasema anapanda mabasi mawili kuja na mawili kurudi, akataja nauli yake ya wiki, akataja bei ya kitabu anachokikosa, akashukuru. Hakulia wala hakulaumu. Mjumbe aliyekuwa mgumu kuliko wote ndiye aliyetoa hoja.

Mkataba ukarekebishwa: kuanzia yuniti 6. Wenye darasa moja la yuniti 3 bado waliachwa nje, na hilo sikulipata mpaka naondoka. Katibu aliita jina langu kwanza, nikasema ndiyo. Akasoma matokeo: tano. Safari hiyo sikuhesabu vidole.

7. Bodi ikilala, anayeamka bila chuo ni mwanafunzi

Kuna wanaoona vikao hivi kama mchezo wa wazee wastaafu. Waulize watu wa Compton, kusini ya Los Angeles. Mwaka 2006 chuo chao kilinyang'anywa ithibati baada ya matatizo makubwa ya fedha na uongozi. Jimbo lilikuwa limeshamweka msimamizi wake badala ya bodi iliyochaguliwa, na masomo yakaendelea chini ya mwavuli wa chuo cha jirani, El Camino. Ithibati ya Compton ilirudi 2017, mwezi uleule wa Juni nilioanza kukaa kwenye bodi yetu. Mtoto aliyekuwa darasa la pili wakati chuo kinaanguka alikuwa amemaliza sekondari.

San Francisco nako, chuo kikubwa cha jiji kiliwekwa kwenye tishio la kupoteza ithibati mwaka 2012, bodi ikanyang'anywa mamlaka, na maelfu ya wanafunzi wakakikimbia kabla hatari haijapita mwaka 2017. Mwanafunzi hasubiri rufaa, kwa sababu ana muhula wa kumaliza, kodi ya chumba na mtoto wa kulea.

Mambo haya tuliyasoma kwenye semina ya wajumbe wapya, na yalinitibu ugonjwa wa kudhani kazi yangu ni kuomba huruma. Msaada wa mwanafunzi ambao haumo kwenye bajeti, kwenye mkataba au kwenye ratiba ya dirisha ni maneno ya sherehe ya mahafali. Yatapigiwa makofi na yataisha na maturubai.

Baadaye nilihamia chuo kikuu, nikamaliza, na leo kazi yangu iko nyuma ya dirisha la msaada wa fedha katika chuo kingine cha jamii. Waswahili wanaokuja ni wengi kuliko zamani: wa Kigoma, wa Bukavu, wa Mombasa, wa Bujumbura. Nawaambia wote maneno yaleyale. Anza kutunza bili ya umeme kwa jina lako siku unayoingia. Jaza FAFSA mapema, maana uhakiki hauna haraka. Uliza EOPS kabla hujapunguza yuniti. Ukiwa raia, shuka na karatasi ya kura mpaka pale wanapochaguliwa wajumbe wa vyuo. Usipokuwa raia huwezi kupiga kura, lakini dakika tatu ni zako pia; hakuna atakayekuuliza pasipoti mlangoni.

Na ukipewa kiti, hata kama ni cha kura isiyohesabiwa, kikalie. Ila anza na mikataba, na uisome kabla hujapanda basi.